Machicha ya Sauti

Mzee Kalinga aliiweka simu yake juu ya kaunta kama mtu anayerudisha samaki walioharibika.

"Huyu si yeye," akasema.

Siku hiyo nilikuwa nimepangwa mapokezi, kazi nisiyoipenda hata kidogo. Mimi ni fundi wa vigae, vile vinavyobandikwa kutani kunasa sauti za watu, na watu wanaofika mapokezi ya Mwangwi hawaji kutupongeza. Nikamwamkia, nikaivuta simu, nikatazama. Programu ilikuwa wazi. Juu kabisa liliandikwa jina alilotafuta: Alois Komba, marehemu, Songea. Chini ya jina vichujio vilijipanga safu moja, Nasaha, Nyimbo, Dua, Biashara, Urafiki, Ugomvi, Matusi na Vitisho, na mzee alikuwa ameweka tiki kwenye Urafiki. Matokeo yalikuwa manne.

"Manne tu, mzee wangu?"

"Manne tu. Na hayo manne si yeye."

Nikagusa la kwanza. Sauti nzito ya mwanamume ikajaa pale kaunta, safi kana kwamba mwenyewe amesimama nyuma yangu: "Karibu, ndugu Kalinga. Habari za nyumbani?" Nikagusa la pili. "Ahsante, Lusungu. Mungu akuzidishie." La tatu na la nne yalikuwa ya namna hiyohiyo, maneno ya mtu aliyelelewa akaleleka. Nikakagua alama ya koo, ile inayothibitisha kwamba sauti ni ya mhusika, nikakuta kijani tupu. Mashine yetu ina kasoro zake, lakini koo la mtu haijawahi kulikosea.

"Ni yeye, mzee. Hapa hakuna shaka."

"Sauti ni yake. Ila si yeye." Alinitazama kwa huruma. "Wewe kijana umetokea wapi?"

"Tanga, mzee."

"Basi niitie mtu wa huku."

Mtu wa huku alikuwa Veneranda Ngonyani, mkuu wa kitengo cha makundi, na nikisema alikuwa mwanamke hodari nitakuwa nimempunja. Kila kichujio kwenye programu ya Mwangwi kilipita mikononi mwake. Kabla hajaja, ukitafuta sauti ya marehemu mama yako ulimwagiwa kila neno alilowahi kusema mbele ya kigae chetu, sokoni, zahanati, stendi, kanisani, miaka na miaka bila mpangilio, bei ya vitunguu imechanganyika na sala ya mwisho. Watu walikuwa wanafunga simu wana majonzi kuliko walivyoifungua. Yeye ndiye aliyekaa na maneno ya waliokufa, kwa uvumilivu nisioujua aliutoa wapi, akaifundisha mashine kutenganisha nasaha na kelele, dua na mazoea. Sasa yatima anagusa Nyimbo na mama yake anamwimbia. Mimi ni mkongwe wa kazi hii, si mtu wa kushangaa ovyo, lakini hilo bado linanitoa machozi na sioni haya kulisema.

Alifika akifuta mikono. "Shikamoo, baba. Karibu kiti."

Mzee Kalinga akasoma jina lililoandikwa kifuani mwake. "Ngonyani. Mngoni mzima unaniamkia shikamoo, mimi Kalinga wa Iringa?"

"Niko kazini, baba."

"Aa," akasema mzee, mabega yakamshuka. Akakaa.

Akatueleza. Yeye na Komba walikuwa na vibanda vya mahindi vinavyopakana, soko kuu, tangu ujana wao. Komba alipofariki, wosia ukasomwa: shamba na nyumba kwa watoto, sauti kwa Lusungu Kalinga. Watoto walishangaa, lakini wosia wa sauti ni wosia kama mwingine wowote, wakaukubali.

"Tangu msiba nimekaa na simu hii sijapata moyo wa kuifungua," mzee akasema. "Sasa kichwa kimeanza kunitoka, mwanangu. Juzi nimemtazama mkwe wangu, nikalitafuta jina lake nisilione. Nikasema, kabla sijamsahau na yule mshenzi, ngoja nimsikie. Nimegusa Urafiki, maana alikuwa rafiki yangu. Nimeletewa mtu wa ofisini."

Veneranda aliitazama orodha kwa muda. "Yote manne ni ya masika moja," alisema, zaidi akijisemea mwenyewe. Kisha akaiondoa tiki kwenye Urafiki, akaiweka kwenye Matusi na Vitisho. Matokeo yakaruka hadi elfu sita na ushei. Akagusa la juu.

"Mfungieni mbwa wenu ndani," sauti ileile ikanguruma, "Mhehe kafika na hajala tangu jana."

Mzee Kalinga akainua kichwa.

"Nitakuja kuchukua mkeo na jembe lako," ikasema ya pili. "Jembe nitarudisha."

Na ya tatu: "Ukifa nitakuzika kifudifudi, nisiione hiyo sura ikinifuata."

Mzee alicheka mpaka akashika ukingo wa kaunta. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, halafu ikatoka, na watu wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka. "Huyo," akasema alipopata pumzi. "Huyo sasa ndiye."

Hapo nami mtu wa Tanga nikaelewa. Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakaheshimiana, wajukuu wakabaki na haki ya kutukanana bure, kunyang'anyana kofia, na kuvuruga misiba ya wenzao kwa vichekesho ili wafiwa wasizame. Haya nilikuwa nayajua, hata sisi pwani tuna watani wetu. Ila sikuwahi kuwaza kwamba mashine haiyajui.

Veneranda hakucheka. Alikuwa anasoma utepe mwekundu uliokaa juu ya matokeo: Kundi hili litafutwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

*

Amri ya kufuta ilitoka Baraza la Sauti na, tuseme haki, haikuwa amri ya kipumbavu. Mwaka uliotangulia bwana mmoja alicheza matusi ya marehemu baba mkwe wake katikati ya harusi, tena kwa vipaza sauti. Watu wakashikana mashati na mmoja akapoteza jicho. Baraza likasema wafu wasipiganishe walio hai. Kundi zima la Matusi na Vitisho lifutwe nchi nzima, na kinachoingia humo baadaye kifutwe kila mwezi. Ugomvi wa kawaida waliuacha mikononi mwa warithi, anayetaka auweke, asiyetaka aufute.

Tukakaa watatu ofisini kwa mkurugenzi wetu, Bwana Rwegasira, mtu mpole wa Bukoba anayependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana.

"Ongezeni kundi la Utani," alisema. "Tatizo liko wapi?"

"Tatizo mashine haisikii utani," Veneranda akajibu. "Inasikia tusi. Wewe unajua sheria, mkurugenzi, mrithi anapewa sauti ya marehemu peke yake. Kigae kikikamata mazungumzo, tunachuja. Ya mhusika inabaki, za wengine zinaondolewa, kwa sababu wenyewe wako hai na hawajaruhusu. Kinachobaki ni mtu anayesema peke yake kwenye chumba kitupu. 'Nitakuja kuchukua mkeo.' Kwenye chumba kitupu, hayo ni vitisho."

"Si mnapima na mlio wa sauti? Mtu anayetania anajulikana."

"Mtani hodari hacheki. Komba alikuwa hodari."

Rwegasira akagonga meza taratibu kwa kidole, na nikaona wazo linamjia. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, na ndiyo maana lilikuwa baya.

"Basi tusiulize wamesema nini. Tuulize ni nani na nani. Mngoni akimtukana Mhehe, utani. Mngoni akimtukana Mngoni mwenzake, tusi. Watani wote wanajulikana. Wekeni safu moja tu, ya kabila. Mashine ikisie kwa majina ya ukoo, watu watasahihisha wenyewe. Mpaka jioni imekwisha."

Niliona amepatia, nikasema hivyo kwa sauti. Tukampigia mzee Kalinga kumuuliza kama ataridhia. "Niandikeni Mhehe hata kwenye paji la uso," akajibu. "Kuna asiyejua?"

Veneranda peke yake hakuitikia kwa kichwa. "Fomu zetu zinauliza jina, umri, kazi na mahali," alisema. "Kabila hatuulizi."

"Ni kwa ajili ya wafu, Vene."

"Wafu hawana simu, mkurugenzi."

Rwegasira alicheka kidogo, lakini hakurudi nyuma. Akampa mpaka kesho yake alete njia nyingine, la sivyo safu ya kabila iwekwe.

*

Nilimfuata chumbani kwake nimenuna. Nilimwambia anamnyima mzee wa watu rafiki yake kwa ajili ya kanuni. Alichukua simu ya majaribio, akainama juu yake muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha akaninyooshea.

"Kaka Mhina, jitafute."

Lazima nieleze hapa kwamba Mwangwi si ya wafu tu. Upande wa pili wa programu ni wa walio hai: mafundi, wauguzi, wenye nyumba za kupangisha, kila anayetafutwa na anayetafuta. Pande zote mbili zinachota vichujio kutoka ghala moja. Ukizaa kichujio upande mmoja, kimezaliwa na upande wa pili.

Nikaandika: fundi wa vigae, Songea. Nikatoka mimi wa kwanza, na picha yangu ile niliyovaa kofia ya sherehe, na sifa za wateja zimejipanga chini. Nikajisikia vizuri, siwezi kukataa.

"Sasa gusa kile cha mwisho."

Cha mwisho kulia kiliandikwa Kabila. Nikakigusa, kikafunguka, nikaweka tiki kwenye Mngoni. Orodha ikajikunja. Nikateremsha mpaka chini. Nikapandisha tena mpaka juu. Sikuwepo.

Nimevipanga vigae vya hospitali ya mji huu, na vya mahakama, na vya msikiti ninaoswalia. Nimeoa hapa. Wanangu wanaongea kwa lafudhi ya hapa. Hakuna mtu aliyenifukuza wala aliyenisema vibaya. Ilitosha mtu aguse mara moja tu, kwa kidole chepesi kama changu, na mimi nikawa sipo mjini.

"Kizime," nikasema.

"Kimenichukua muda wa kikombe kimoja," Veneranda alisema akikifuta. "Mzee Kalinga ataniruhusu nimwandike kabila lake kwa sababu analipenda. Baada yake ataandikwa yule asiyeulizwa." Kisha akakaa kitini. "Lakini usidhani nimefurahi. Ijumaa yule baba atabaki na yale manne anayoyachukia. Nimemnyang'anya rafiki kwa ajili ya ubaya ambao bado haujatokea. Ukinijia na neno la kunifariji, utoke."

Nilikuwa nalo neno la kumfariji. Nikatoka nalo.

*

Kila Jumatano asubuhi huwa namwaga machicha. Ndivyo tunavyoyaita sisi mafundi. Ukikamua nazi, tui linakwenda chunguni na machicha yanabaki kwenye kichujio, na sauti ni hivyohivyo. Maneno ya marehemu ndiyo tui, tunampa mrithi. Maneno ya walio hai yanaungua palepale, sheria haitaki yalale hata usiku mmoja. Yanayobaki baada ya hapo, makapi yasiyo ya mtu, yanaanguka kwenye ghala la nyuma na kurundikana. Kazi yangu ni kuchagua ya kigae kipi yatupwe ili kupata nafasi, na zamu ilikuwa imefika ya vigae vya Songea.

Veneranda alipita pale nikiwa nimeshika swichi.

"Humo mna nini hasa?" aliniuliza. Miaka yote ile hakuwahi kuuliza, kama vile mtu asivyouliza kwenye pipa la jikoni mna nini.

"Machicha tu, dada. Kikohozi. Vikombe, viti, miguu. Vicheko."

"Vicheko vya nani?"

"Hata mashine haijui. Koo limeshatolewa. Kicheko kikitolewa koo kinabaki kicheko tu, hakina mwenyewe."

Alisimama. Nikamwona anavyowaza, na sijui nilieleze vipi jambo hilo kwa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi na mtu wa namna ile. Uso wake ulitulia kabisa. Kisha akaweka mkono wake juu ya wangu, pale kwenye swichi.

"Usimwage," alisema.

Njia yenyewe, alipoieleza kwa Rwegasira, ilikuwa nyepesi mpaka mkurugenzi akaikunjia uso kwa kutoiona yeye. Kila neno la marehemu lina alama ya wakati. Kila kipande cha machicha nacho kina alama ya wakati. Basi chukua neno, nenda kwenye machicha, usikilize pumzi inayofuata. Usiulize nani alikuwepo. Uliza tu kulitokea nini. Tusi likasemwa, kisha kiti kikavutwa karibu. Tusi likasemwa, kisha kicheko. Tusi likasemwa, kisha mlango ukabamizwa na miguu ikaenda zake.

"Hatutajua kama ni Mhehe au Mngoni au Mchina," alisema. "Tutajua kama walikaa au waliondoka. Hilo ndilo jambo la kuchuja."

"Inahitaji kusikiliza upya kila kitu," Rwegasira akasema. "Itabidi tufunge utafutaji mpaka kesho jioni. Wananchi watapiga kelele."

"Jina la aliyefunga litakuwa langu. Na kelele zao nitaziweka kwenye machicha."

Rwegasira akamtazama, halafu akanitazama mimi, halafu akafunga utafutaji kwa kidole chake mwenyewe. Namheshimu kwa hilo mpaka leo. Bosi mwingine angemwachia yeye aguse.

Siku iliyofuata tuliimaliza kwenye chumba cha mashine. Mimi nilikuwa nalisha, yeye anasikiliza na kufundisha. Alikuwa anafumba macho, anainua kidole kusema ndiyo, anakikunja kusema hapana, na mashine inajifunza. Aliisahihisha kwa upole, bila kuchoka, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kicheko cha dhihaka kikija, alikijua kwa urefu wake. Kimya kikija, alikuwa anasubiri kikombe. Kikombe kikiinuliwa, ni kimya chema. Kikombe kikibaki mezani kimejaa, si chema. Niliona mtu anakifundisha chuma tabia za watu, na nilijisikia fahari kuwa ndiye ninayemsogezea maji ya kunywa.

Mambo yalitoka humo ambayo safu ya kabila isingeyaona kamwe. Mwuza nyanya mmoja, marehemu sasa, alikuwa anamwita jirani yake mchawi kila asubuhi ya Mungu, na kila baada ya neno hilo machicha yalikuwa na mlio wa nyanya zinazomiminwa kwenye ndoo nyingine. Alikuwa anamjazia mwenzake. Miaka na miaka, mchawi wewe, halafu nyanya.

"Hawa ni watani wa wapi na wapi?" nikauliza.

"Sijui, na sitaki kujua," Veneranda akasema, macho yamefumba, anatabasamu.

Jioni utepe mwekundu ulikuwa umebaki juu ya rundo dogo tu, matusi ya kweli, yale ya mlango kubamizwa. Tukafungua jina la Alois Komba. Utani: elfu sita na ushei. Matusi na Vitisho: hakuna. Nikataka kupiga makofi, nikaona jambo lililonizuia.

"Dada, mashine imeharibika. Tazama Ugomvi. Imeyahamishia humo yale manne. 'Karibu, ndugu Kalinga.' Hiyo nayo ni ugomvi?"

Veneranda aliyafungua machicha ya lile la kwanza, tukasikiliza pamoja. "Karibu, ndugu Kalinga. Habari za nyumbani?" Hakuna kiti kilichovutwa. Hakuna kitu kabisa, kwa muda mrefu, kisha miguu ikaenda zake. La pili: "Ahsante, Lusungu. Mungu akuzidishie." Kikombe kikawekwa mezani. Hakikuinuliwa tena.

"Haijaharibika," alisema taratibu. "Mzee alituambia tangu mwanzo. Sisi ndio tuliomwonyesha alama ya kijani."

*

Mzee Kalinga alikuja Ijumaa asubuhi, amevaa koti. Baraza lilikuwa limeshakubali kundi jipya lianze Songea, na Rwegasira mwenyewe alikuja kumkaribisha. Tukamkalisha, tukamletea chai. Veneranda akamwekea tiki kwenye Utani na kumwachia simu, na kwa muda mrefu hakuna aliyefanya kazi pale mapokezi. Komba alinguruma. Komba alimwita mla mbwa, mwizi wa kofia, mtu ambaye hata mvua ikimwona inakwenda kunyesha Njombe. Na kila baada ya tusi mzee alimjibu, kwa sauti ndogo, majibu aliyompa enzi zile, bila kusita hata mara moja. Mtu aliyesahau jina la mkwe wake alikuwa hajasahau hata jibu moja.

Alipopumzika, Veneranda alivuta kiti karibu yake.

"Baba, yale manne mashine imeyaweka kwenye Ugomvi. Hayo ni juu yako mrithi. Unaweza kuyaweka, unaweza kuyafuta."

"Imejua yenyewe?" mzee akauliza. Akakitazama kikombe chake. "Mna mashine nzuri."

Kisha akasema. "Mke wangu alipofariki, Komba ndiye aliyekuwa mtani mkubwa wa msiba. Tulimsubiri. Nilijua atakuja kavaa gauni la marehemu, ajilaze kaburini adai alipwe ndipo atoke, wanangu wacheke kidogo. Akaja na suti. Akanishika mkono, akaniambia, 'Pole, ndugu Kalinga.' Akakaa kimya mpaka tukazika. Nikaona amenidharau. Nikaona mke wangu amezikwa kama mtu asiye na kwao. Nikamnunia, naye akaninunia. Masika yote yale tukapeana heshima."

"Kumbe?" Rwegasira akauliza.

"Kumbe hakuweza. Alinieleza baadaye sana. Gauni alilivaa, nyumbani kwake, akashindwa kuvuka kizingiti kwa kilio. Alimpenda kama dada yake. Nami nilikuwa namhesabia kosa mtu anayelia." Akakizungusha kikombe kidogo. "Hatukusuluhishwa na mtu. Siku moja alikuja kibandani kwangu, akaichukua kofia yangu kichwani, akasema Mhehe hana kichwa cha kuvalia kofia, akaenda nayo. Nilirudi nyumbani utosi wazi nimefurahi kama bwana harusi."

Akaivuta simu, akafungua Ugomvi. Nikajikuta nasema, na kwa kweli hayakunihusu.

"Mzee, samahani. Humo ndimo pekee anamokuita kwa jina lako. Kwingine kote anakuita mambo mengine. Umesema kichwa kinakutoka. Ikifika siku umelisahau na jina lako, si bora uwe na mtu wa kukuita?"

Mzee Kalinga alifikiri. Alilifikiri kwa haki kabisa, sikuona ameudhika.

"Ikifika siku hiyo," akasema, "nataka nisikie mfungieni mbwa, Mhehe kafika. Hapo nitajua ni mimi. Akija mtu kuniita ndugu Lusungu nitadhani anamtafuta mwingine."

Akaweka kidole, akafuta. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kisha akanywa chai yake yote mpaka chini, akainuka, akatupa mkono mmoja mmoja, na kwa Veneranda akatoa shukrani ndefu na nzito, za mtu mzima kwa mtu wa ofisi. Veneranda akazipokea ameinamisha kichwa. Mzee alikuwa ameshafika mlangoni, chini ya kigae changu mwenyewe, Veneranda alipomwita.

"Wewe mzee."

Akageuka.

"Kikombe chetu kiko wapi? Tunawajua nyinyi. Mkikaribishwa chai mnaondoka na vyombo."

Nilimwona mzee anavyosimama. Mgongo ulinyooka, uso ukafunguka wote, na mkono ukaingia kwenye mfuko wa koti ambamo kikombe cha ofisi kilikuwa kimetuna kabisa, kila mtu anakiona.

"Kikombe?" akasema. "Nyinyi mliotoka kusini mkikimbia, mkachoka hapa mkasema tumefika, vikombe mliviokota wapi?"

Akaondoka nacho.